Kinu cha Unga cha Karne ya 18: Vifaa Vilivyohitajika na Watu Waliokiendesha

Mtu aliyetaka kuanzisha kinu cha unga cha biashara katika makoloni ya Kiingereza ya Amerika Kaskazini, katika nusu ya pili ya karne ya 18, alikuwa na maswali mawili ya kujibu kabla ya kutoa fedha zake: anunue mitambo gani, na aweke watu gani kazini. Wanaoandika historia ya teknolojia hupenda kulishughulikia swali la kwanza na kuliacha la pili, na wanaoandika historia ya kazi hufanya kinyume chake. Naamini kutenganisha huko ndiko kunakoifanya mada hii ionekane ngumu kuliko ilivyo, kwa sababu ndani ya kinu kila kifaa kilikuja na mkono wake. Jiwe la aina fulani lilidai fundi wa aina fulani, chekeche lilidai mtu wa kulilisha, na kila ghorofa iliyoongezwa kwenye jengo ilidai mabega ya kupandishia magunia.

Mfano utakaotuongoza ni kinu cha George Washington, kilichojengwa mwaka 1770 na 1771 kando ya kijito kiitwacho Dogue Run, kiasi cha kilomita 5 kutoka nyumbani kwake Mount Vernon, Virginia. Washington anafahamika zaidi kama jenerali na rais wa kwanza wa Marekani, lakini kwa mada hii anatufaa kwa sababu nyingine. Alikuwa mmiliki wa kinu aliyeandika barua nyingi, aliyetunza hesabu, na aliyebadilisha mitambo yake baada ya miaka 20, kwa hiyo jengo moja linatuonyesha utaratibu wa zamani na utaratibu mpya.

Miaka michache kabla ya ujenzi huo alikuwa ameacha kulima tumbaku, ambayo ilichosha ardhi na kumwacha na madeni kwa wafanyabiashara wa London, akageukia ngano. Mwenye ngano nyingi alikuwa na njia mbili: kuiuza ikiwa nafaka kwa wanunuzi wa mji jirani wa Alexandria, Virginia, au kuisaga mwenyewe na kuuza unga, ambao ulikuwa na bei bora zaidi. Kinu cha zamani alichorithi hapo Dogue Run kilikuwa kimechakaa, naye akamwajiri fundi mjenzi wa vinu aitwaye John Ball kujenga kipya cha mawe.

Hapa inafaa kutofautisha aina mbili za kinu, kwa kuwa tofauti hiyo ndiyo iliyoamua karibu kila kitu kilichofuata. Kinu cha majirani kilisaga nafaka ya mtu aliyeileta mwenyewe, mara nyingi mahindi, na mwenye kinu alichukua sehemu yake ya nafaka kama malipo. Kwa Washington ilikuwa sehemu moja kati ya nane. Kinu hicho kiliweza kutosheka na jozi moja ya mawe, mtu mmoja, na chekeche dogo au pasiwe na chekeche kabisa, maana mteja alikwenda kuchekecha unga wake nyumbani. Kinu cha biashara kilinunua ngano au kilisaga ngano ya mwenye kinu, kikatoa unga uliotengwa kwa madaraja, ukafungwa katika mapipa na kusafirishwa hadi visiwa vya Karibi au ng'ambo ya Atlantiki. Unga huo ulipaswa kuwa mweupe, mkavu na wa namna moja pipa baada ya pipa. Washington alitaka kufanya kazi zote mbili chini ya paa moja, kwa hiyo akaweka jozi mbili za mawe: moja kwa nafaka ya majirani, na nyingine, ya gharama kubwa zaidi, kwa ngano ya kuuzwa.

Maji, gurudumu na meno ya mbao

Gharama ya kwanza haikuwa ya mashine bali ya udongo. Ilibidi maji yazuiwe kwa bwawa, kisha yaongozwe kwa mfereji mrefu wenye mteremko mdogo sana, ili yafike kwenye kinu yakiwa bado juu. Mfereji wa Dogue Run ulichimbwa kwa sepetu na majembe, na baadaye maji ya kijito kingine yakaongezwa kwa sababu majira ya kiangazi yalipofika ya kwanza hayakutosha. Kazi hii haikuisha siku ya uzinduzi. Kingo zilibomoka, matope yalijaa, panya wa majini walitoboa tuta, na kila mwaka watu walirudishwa mferejini. Orodha ya watu wa kinu isiyowataja wachimba mifereji ni orodha pungufu.

Kuhusu gurudumu, mwenye fedha alikuwa na uchaguzi ambao kufikia wakati huo ulikuwa umeshapimwa kisayansi. Mhandisi Mwingereza John Smeaton alifanya majaribio kwa vielelezo vidogo vya magurudumu mwanzoni mwa miaka ya 1750, akayawasilisha matokeo yake mbele ya Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London, mwaka 1759. Alilinganisha gurudumu linalosukumwa na maji yanayopita chini yake na lile linalomiminiwa maji kutoka juu, yakajaa katika visanduku vya ukingoni na kuliteremsha kwa uzito wao. Kwa maji yale yale na anguko lile lile, gurudumu la pili lilitoa karibu maradufu ya kazi ya la kwanza. Maelezo yake ni rahisi: maji yanayogonga ubao kwa kasi hupoteza nguvu nyingi kwa kurukaruka na kuvurugika, ilhali maji yanayoshuka taratibu ndani ya kisanduku hutoa uzito wao karibu wote. Tokeo hilo lilihalalisha gharama za bwawa na mfereji, kwa sababu gurudumu bora lilihitaji maji yafike juu yake. Gurudumu la Dogue Run, lenye kipenyo cha futi 16, nalo liliendeshwa na uzito wa maji, na liliwekwa ndani ya jengo ili barafu ya majira ya baridi isilikamate.

Gurudumu la ukubwa huo huzunguka polepole, kiasi cha mara 10 kwa dakika, ilhali jiwe la kusagia lilitakiwa kuzunguka mara 100 au zaidi. Kasi iliongezwa kwa hatua mbili za gia, na gia zenyewe zilikuwa za mbao: magurudumu makubwa yenye meno yaliyochongwa moja moja kutoka mti mgumu na kupigiliwa katika matundu, yakikamata vijiti vya duara dogo lililosimama kama kizimba. Fundi mjenzi wa vinu alizichagua hesabu za meno kwa makini. Tuseme gia kubwa ina meno 60 na ndogo 20: jino lile lile litakutana na kijiti kile kile kila mzunguko, na kasoro ya mmoja itamla mwenzake mpaka avunjike. Akiongeza jino moja tu, yakawa 61, jino hilo litapitia vijiti vyote 20 kabla ya kurudi kwa kile cha kwanza, na uchakavu utagawanyika sawa. Ninalipenda jambo hili kwa sababu linaonyesha kuwa mafundi hawa, wengi wao wakiwa watu wa shoka na randa wasio na elimu ya chuo, walikuwa na hesabu iliyokomaa. Meno yalipakwa shahamu ya ng'ombe, na lilipovunjika moja, mwendesha kinu alichonga jingine na kuligongomea mahali pake bila kusubiri kiwanda cha chuma. Hiyo ndiyo sababu moja iliyofanya mbao zidumu vinuni miaka mingi baada ya Smeaton kuanza kutumia chuma cha kusubu katika mhimili wa magurudumu yake mwishoni mwa miaka ya 1760.

Mawe

Ukitaka kujua kinu cha karne ya 18 kilikuwa cha daraja gani, uliza mawe yake yalitoka wapi. Mawe ya kienyeji yalipatikana kwa bei nafuu na yalisaga mahindi vizuri, lakini mengi yalimomonyoka na kuacha changarawe katika unga. Mawe ya volkano kutoka bonde la mto Rhine, yaliyosafirishwa kupitia Cologne, yalikuwa afadhali. Juu ya yote yalikuwa mawe ya kwatsi kutoka La Ferté-sous-Jouarre, mashariki ya Paris, na hayo ndiyo Washington aliyoyaweka kwa ngano yake ya biashara. Haikuwa rahisi kuyapata katika pande kubwa, kwa hiyo vipande vilichongwa vikaoana, vikaunganishwa kwa plasta ya jasi, kisha vikafungwa kwa pete za chuma zilizovalishwa zikiwa za moto ili zipoapo zikaze. Jiwe moja lenye kipenyo cha futi nne au tano lilikuwa na uzito wa kama tani moja, nalo lilivuka Atlantiki katika tumbo la meli.

Ubora wa mawe hayo haukuwa katika kudumu kwake peke yake. Ganda la ngano likisagwa ovyo hugeuka vumbi lenye rangi, likachanganyika na unga mweupe kiasi kwamba hakuna chekeche liwezalo kulitoa. Jiwe la Ufaransa, likinolewa vizuri, lilikata punje na kuliacha ganda katika vipande vipana ambavyo vilibaki juu ya chekeche. Weupe wa unga, na kwa hiyo bei yake, ulianzia hapo.

Kila uso wa jiwe ulichorwa mifereji iliyotoka karibu na kitovu kwenda ukingoni, yenye upande mmoja uliosimama wima na upande mmoja ulioinama. Jiwe la chini lilitulia, la juu lilizunguka, na mifereji ya mawili hayo ilipopishana ilikata nafaka kama makali ya mkasi, huku ikiupepea unga hewa na kuusukuma nje. Makali hayo yaliisha. Katika kinu kinachofanya kazi mfululizo, mawe yalihitaji kunolewa kila baada ya wiki chache, na hapo kazi ilisimama: jiwe la juu liliinuliwa kwa winchi ya mbao, likapinduliwa, kisha ubao ulionyooka uliopakwa udongo mwekundu ukapitishwa juu ya uso wake. Mahali palipobaki na rangi palikuwa pameinuka kuliko pengine, na fundi alipagonga kwa nyundo yenye ncha mbili kali za chuma cha pua, pigo dogo baada ya pigo dogo, akiwa amelalia kiwiko juu ya mfuko wa pumba, kwa saa nyingi. Chembe za chuma ziliruka na kuingia chini ya ngozi ya migongo ya mikono yake, zikaacha madoa ya bluu yasiyofutika. Fundi msafiri aliyefika kinuni kuomba kazi ya kunoa mawe angeweza kuambiwa aonyeshe mikono kabla ya kuulizwa jina.

Baada ya kunolewa, jiwe lilirudishwa juu ya ncha ya chuma likaning'inia hapo bila kugusa lile la chini. Nafasi kati yao ilikuwa pana kidogo kitovuni na nyembamba mno ukingoni, kama unene wa karatasi. Mwendesha kinu aliirekebisha kwa kishikio kilichoinua au kushusha boriti iliyobeba mhimili, huku akiupokea unga kwenye kiganja na kuupikicha kwa kidole gumba. Unga ukiwa wa moto, mawe yamekaribiana mno. Ukiwa na chenga, yameachana. Kasi ya maji ilipobadilika, nafasi ilibadilika, naye alirudi tena kwenye kishikio. Kwa uangalifu huo jozi moja iliweza kusaga kiasi cha busheli tano za ngano kwa saa, yaani kama kilo 135, na hizo zilitosha kupata takriban pipa moja la unga bora.

Kulikuwa pia na kengele ndogo iliyolia sanduku la nafaka lililo juu ya mawe likikaribia kuwa tupu, na haikuwa pambo. Mawe yakikosa nafaka hugusana, yakatoa cheche, na jengo lililojaa mbao kavu na vumbi la unga halikuhitaji zaidi ya hapo. Tarehe 14 Desemba 1785, katika ghala la mwoka mikate mjini Turin, Italia, vumbi la unga lilikutana na mwali wa taa likalipuka, na uchunguzi wa Count Morozzo kuhusu tukio hilo unahesabiwa kuwa maelezo ya kwanza ya kina ya mlipuko wa namna hiyo. Waendesha vinu walikuwa wameijua hatari ya moto muda mrefu kabla ya maelezo hayo.

Watu

Kutoka kwenye mawe unga ulikwenda kupozwa, kisha ukapita katika chekeche, yaani pipa refu la fremu lililoinama kidogo na kuviringishwa kitambaa chenye matundu ya ukubwa tofauti, likizungushwa na nguvu ile ile ya maji. Vitambaa vya kuchekechea viliagizwa kutoka Ulaya. Kilichopita kwanza kilikuwa unga laini kabisa, kikafuata unga wa kawaida, kisha chengachenga zilizoweza kusagwa upya, kisha unga mweusi wa kuokea biskuti za mabaharia, na mwishoni pumba. Daraja la juu lilikwenda sokoni. Madaraja ya chini yaliishia kwa mabaharia, kwa mifugo na kwa watumwa.

Mtu aliyesimamia yote haya ndiye aliyekuwa mgumu kupatikana kuliko mawe ya Ufaransa. Mwendesha kinu wa biashara alipaswa kuijua ngano kwa kuitazama na kuitafuna, kunoa mawe, kutengeneza meno ya gia, kutunza lango la maji usiku wa mvua, kuweka daftari la nafaka iliyoingia na unga uliotoka, na kuaminika katika kuchukua ile sehemu ya nane bila kumpunja jirani wala tajiri wake. Washington alimwajiri William Roberts mwaka 1770, akampa mshahara, nyumba na bustani karibu na kinu, na Roberts akadumu karibu miaka 15. Barua ambayo Washington aliiandika Februari 1785 kwa kampuni ya Robert Lewis na wanawe ya Philadelphia, akiomba wamtafutie mtu mwingine, inaeleza tatizo lake waziwazi: Roberts alikuwa mlevi asiyevumilika tena, na akilewa alikuwa kama mwendawazimu. Hata hivyo alikuwa amevumiliwa miaka mingi. Ukizingatia ni watu wangapi Virginia walioweza kunoa jiwe na kutengeneza gia, uvumilivu huo unaeleweka, na kwangu unaonyesha thamani ya ustadi huo kuliko tarakimu yoyote ya mshahara. Mwaka huo huo akaja Joseph Davenport, aliyebaki kinuni mpaka alipofariki mwaka 1796.

Kwamba mwendesha kinu alitafutwa Philadelphia si jambo la bahati. Pennsylvania na Delaware ndizo zilizokuwa shule ya vinu vya bara hilo. Kwenye mto Brandywine, karibu na Wilmington, vinu vikubwa vilisimama vikitazamana kando ya maji, na meli ndogo ziliweza kufika karibu navyo kuchukua mapipa. Ndugu watatu wa ukoo wa Ellicott walitoka Pennsylvania mwaka 1772 wakajenga vinu vyao kwenye mto Patapsco, Maryland, wakiwahimiza wakulima wa huko waache tumbaku. Vijana waliojifunza kazi katika vinu kama hivyo ndio waliotapakaa kusini na magharibi.

Halafu walikuwapo mafundi wa mapipa. Biashara ya unga ilipimwa kwa pipa, na pipa lilibeba ratili 196, karibu kilo 89. Pipa likitoka halirudi. Kinu kilichotoa mapipa 20 kwa siku kilihitaji mapipa 20 mapya kila siku, na kila moja lilitaka mbao zilizokaushwa, zilizochongwa zikabinuka, zikafungwa kwa pete na kupigwa mfuniko usiovujisha unga wala kupitisha unyevu. Kwa kuwa fundi mmoja alimaliza mapipa machache tu kwa siku, karakana yao iliweza kuwa na watu wengi kuliko kinu chenyewe. Mount Vernon kazi hiyo ilifanywa na watumwa, chini ya usimamizi wa mwendesha kinu. Mapipa hayo ndiyo yaliyopigwa chapa yenye jina la G. Washington, chapa aliyoisajili katika mahakama ya kaunti ya Fairfax mwaka 1772, na mwenye chapa alisifiwa kwa ubora wa unga wake huku waliotengeneza pipa wakikosa hata ujira.

Kundi la mwisho ni wale ambao hawakuhesabiwa kuwa na ustadi wowote: wabebaji. Fuata njia ya ngano ndani ya kinu cha zamani na utaona kazi yao. Gunia lilishushwa kutoka kwenye gari, likapimwa, likapandishwa ghorofa ya juu kusafishwa kwa ungo na feni. Nafaka safi ikajazwa tena na kupelekwa kwenye sanduku la mawe. Unga uliotoka chini, ukiwa wa moto na wenye unyevu, ukakusanywa kwa koleo katika beseni na kupandishwa tena darini, ambako ulitandazwa sakafuni na kijana mmoja akaupitia kwa reki mpaka upoe, maana unga wa moto huziba matundu ya kitambaa na huchacha ndani ya pipa. Kijana huyo huyo aliulisha unga uliopoa kwenye chekeche. Chenga zikapandishwa upya kusagwa. Mzigo mmoja ulipanda ngazi mara tatu au nne, kila safari ukimwagika, na unga uliokanyagwa kwa viatu sakafuni ulirudishwa pamoja na ule mwingine.

Oliver Evans na ngazi zisizo na wabebaji

Oliver Evans, aliyezaliwa mwaka 1755 Newport, Delaware, aliitazama njia hiyo na kuiona kuwa ni tatizo la usafirishaji. Mawe hakuyagusa, aliyaacha kama yalivyokuwa kwa karne nyingi. Alichojiuliza ni kwa nini maji yanayoweza kuzungusha jiwe la tani moja yasiweze kupandisha gunia. Katika kinu alichoendesha na ndugu zake kwenye kijito cha Red Clay, Delaware, kufikia mwaka 1785 alikuwa na jibu linalofanya kazi.

Jibu hilo lilikuwa na sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni mkanda wa ngozi uliosimama wima ndani ya bomba la mbao, wenye vindoo vidogo vilivyochota nafaka au unga chini na kuumwaga juu. Ya pili ni parafujo ndefu iliyolala ndani ya handaki la mbao, ambayo ikizunguka husukuma unga kutoka upande mmoja wa jengo hadi mwingine. Ya tatu, ambayo naiona kuwa ya busara kuliko zote, ni reki kubwa yenye mikono miwili iliyozunguka polepole darini, ikiutandaza unga wa moto kwenye ukingo wa duara, ikiugeuza na kuusogeza kidogo kidogo kuelekea katikati, ambako uliporomokea kwenye chekeche ukiwa umepoa. Evans aliipa mashine hiyo jina la yule kijana wa reki ambaye nafasi yake iliichukua.

Sehemu zote ziliendeshwa na gurudumu moja la maji, na zilishikana: kinachotoka kwa moja kiliingia kwa nyingine bila kuguswa na mkono. Nafaka ilimwagwa kutoka kwenye gari au meli upande mmoja, na unga uliochekechwa ukatoka upande wa pili tayari kufungwa katika pipa. Inasimuliwa kwamba wenye vinu wa Brandywine walipokwenda kukiangalia kinu hicho walikikuta kikisaga peke yake, na Evans mwenyewe yuko shambani akikata nyasi. Walirudi nyumbani bila kushawishika. Sioni ajabu kubwa katika hilo: walikuwa matajiri, unga wao ulisifiwa, na mtu aliyekuja kuwaambia wabadilishe kila kitu hakuwa na cheo chochote kati yao. Akina Ellicott wa Maryland waliikubali mapema zaidi, na baadaye Brandywine nayo ikafuata. Tarehe 18 Desemba 1790 Evans alipata hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, ya tatu kutolewa na serikali ya Marekani, iliyotiwa saini na rais, ambaye alikuwa Washington. Mwaka uliofuata Washington aliifunga mitambo hiyo katika kinu chake cha Dogue Run, na Evans alipochapisha kitabu chake cha mwongozo kwa wajenzi na waendesha vinu mwaka 1795, Washington alikuwa miongoni mwa walioagiza nakala.

Kwa upande wa wafanyakazi, kipimo kilichotumiwa na Evans kilikuwa hiki: katika kinu cha zamani mtu mmoja alihitajika kwa kila mapipa 10 ya unga kwa siku, na katika kinu chenye mitambo yake mtu mmoja alitosha kwa mapipa 20. Kipimo hicho ni cha mwenye kuuza mitambo, na kinapaswa kusomwa hivyo. Lakini hata tukikipokea, kinahusu watu wa ndani ya kinu peke yao. Walioondolewa ni wabebaji na kijana wa reki. Mnoaji mawe alibaki, kwa sababu mawe yaliendelea kuisha makali, na kwa kuwa kinu sasa kilisaga mfululizo zaidi, yaliisha haraka zaidi. Mwendesha kinu alibaki na akaongezewa mzigo, maana mkanda ukikatika au parafujo ikiziba, unga ulirundikana mahali ambapo zamani pangekuwa na mtu wa kuona. Fundi mjenzi wa vinu alipata kazi nyingi kuliko awali, kwa kuwa kila kinu kilichotaka kubadilika kilimhitaji. Na karakana ya mapipa ilitakiwa kuongeza kasi, kwa sababu unga uliotoka haraka ulidai mapipa haraka.

London ilijaribu njia tofauti katika miaka hiyo hiyo. Kinu cha Albion, kilichofunguliwa mwaka 1786 karibu na daraja la Blackfriars, kiliacha maji na kutumia injini za mvuke za kampuni ya Boulton na Watt, na mitambo yake ikasimamiwa na mhandisi kijana John Rennie. Kiliongeza nguvu na idadi ya jozi za mawe. Machi 1791 kiliteketea chote. Vinu vya maji vya Amerika, vyenye mawe machache na ngazi zisizo na wabebaji, viliendelea.

Juni 1799, miezi sita kabla ya kufariki, Washington aliandika orodha ya watumwa wa Mount Vernon, kila mmoja na kazi yake. Miongoni mwa mafundi wametajwa Ben na Forrester, kazi yao kinu, na Tom, Moses na Jacob, kazi yao mapipa. Miaka minane ilikuwa imepita tangu vindoo na parafujo za Evans vifungwe Dogue Run. Mafundi wa mapipa walikuwa bado watatu kwa wawili wa kinuni, na hakuna hata mmoja wa watano hao aliyelipwa mshahara ambao mashine ingeupunguza.